Mzinga wa Kuazima

Walisema gari langu litafika juu ya mlima wa Dareda siku litakapopakiwa kwenye gari jingine. Hayo yalikuwa maneno ya mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda hapa Maisaka, mtu mzima mwenye wajukuu, na aliyasema mbele yangu, amekaa upande kwenye pikipiki yake, anatafuna muwa. Mwenye duka la spea mjini, mzee wa Kiislamu aliyezaliwa kwenye chumba cha nyuma cha duka hilo hilo, alisema kwa upole zaidi kwamba kile si chombo cha barabara zetu, ni cha kutazama. Jirani yangu, mke wa mwinjilisti, ambaye mtaa mzima tunamwita Mama Mwinjilisti, alilizunguka mara moja, akaniuliza milango yake italetwa lini.

Halikuwa na milango. Halikuwa na paa wala vioo vya pembeni vya kupandisha. Lilikuwa na viti viwili, magurudumu manne, na nyuma ya viti injini ya pikipiki kubwa yenye silinda nne. Naandika haya likiwa bandani hapo nje, na wote watatu wamekwisha kulipanda.

Mimi si mtu wa kubahatisha. Niliondoka Babati nimevaa sweta la kuazima, nikarudi na stashahada ya uhandisi mitambo na kreti kubwa kama chumba cha kulala. Stashahada hiyo niliisomea jioni, ugenini, kwenye nchi ambayo jua hutoka kama limelazimishwa, baada ya kushinda nikiosha magari ya watu. Hakuna mjomba aliyenisaidia. Baadaye nikapata kazi kwenye karakana ya magari ya kujiundia. Huko mteja huuziwa mifupa ya gari, mabamba na sanduku la nati, akaenda kuliunganisha mwenyewe nyumbani kwa injini anayoitaka. Nimeunga mengi ya wengine. La kwangu niliamua litaungwa Maisaka, kwenye udongo wa nyumbani, na liliungwa.

Lakini kabla ya gari nilijenga nyumba. Chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama mlima Kwaraa, nilikijenga kwa ajili ya Mama. Baba alifariki kabla sijachimba msingi, akaisikia nyumba hii kwenye simu tu, na sikutaka Mama naye aishie kuisikia kwenye simu. Yeye alikuwa bado juu, kwenye boma letu nyanda za Mbulu, na kila nilipomwita alikuwa na sababu. Ng'ombe anakaribia kuzaa. Maharage hayajapurwa. Magoti hayataki basi. Nikachoka na sababu hizo. Siku moja, nikiwa pale kijiweni, nikampigia na kumwambia nitakuja kumchukua kwa gari nililoliunda kwa mikono yangu.

"Likifika hapa kwa miguu yake," akasema, "nitapanda."

Simu ilikuwa kwenye spika. Ndiyo maana kijiwe kizima kilisikia, na ndiyo maana mwenyekiti alitoa kauli yake ile kuhusu gari jingine.

Nieleze jinsi injini ile ilivyokuwa ikivuta hewa, kwa sababu kila kitu kilitokana na hapo. Ilikuwa na kabureta nne zimejipanga mstari mmoja, na kila kabureta ilivaa tarumbeta la alumini, mdomo umepanuka kama ua la boga. Matarumbeta yale niliyanunua ugenini kwa jasho langu na kuyang'arisha hadi ungeweza kujinyolea humo. Yalikuwa wazi, hayana kifuniko, yanatazama nyuma. Ukikanyaga mafuta yalilia kwa sauti kali ambayo sijaisikia kwa gari lolote lililopita stendi ya Babati. Watoto wa shule walikuwa wakisimama kuyatazama. Mimi nilikuwa nikisimama nao.

Siku ya safari, kwenye lami ya kwenda Dareda, gari lilikwenda kama limetumwa. Nikayapita magari makubwa, nikawapungia mkono watu wenye majembe. Tukaacha lami, tukaanza kupanda ukingo wa mlima, na hapo mambo yakageuka. Vumbi la magurudumu ya nyuma lilipanda moja kwa moja hadi kwenye midomo ya yale matarumbeta. Upepo wa mlimani nao ukaja, mara kushoto, mara kulia. Injini ikaanza kukohoa. Nikirudisha gia inakohoa, nikiongeza mafuta inakohoa zaidi. Kwenye kona ya pili iliyo kali ikazimika, nikabaki pale na kofia yangu, nimejaa vumbi hadi kwenye kope.

Lori la kubeba vitunguu saumu likatokea chini, tupu, linapanda kuchukua mzigo. Dereva alinisalimia kwa heshima, akaliangalia gari, akauliza kama ni la maonyesho. Vijana wake na wapita njia walilinyanyua kwa mikono, kwa sababu ni jepesi, likaingia zima kwenye lori bila hata ubao wa kupandishia. Kwa hiyo nilifika kwa Mama kama ilivyotabiriwa.

Alitoka nje akijifuta mikono kwa kanga. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, huku anaangalia juu ya lori.

"Kumbe gari lako nalo hupanda gari," akasema.

Hakucheka. Alinipa maziwa mgando na ugali, akanitandikia chumba changu cha zamani, akasema ahadi yake bado ipo palepale. Kwa miguu yake.

Asubuhi nilizunguka nyuma ya zizi. Mzinga wa Baba ulikuwa bado unaning'inia kwenye mgunga, gogo la mringaringa alilolitoboa mwenyewe kabla sijazaliwa, limekuwa jeusi kwa moshi na mvua. Nyuki waliuhama mwaka aliofariki. Watu wa kwetu hawashangai jambo hilo wala hawalizungumzii sana. Nilisimama chini yake nikamkumbuka anavyorina: kinyesi kikavu cha ng'ombe kinafuka kwenye kigae, yeye anapiga mluzi mdogo usio na wimbo, mkono unaingia hadi begani bila haraka. Mimi nilikuwa nangoja chini na bakuli. Sega la kwanza lilikuwa langu, na nta nilikuwa natafuna hadi shuleni.

Nikakumbuka na jambo jingine. Mzinga mpya ukiwa bado chini, haujapandishwa, nilikuwa naingiza kichwa ndani yake. Nje upepo wa nyanda za juu unapiga, mahindi yanavuma, mbwa anabweka. Ukiingiza kichwa, kimya. Hewa ya ndani haiendi popote, imekaa. Nilikuwa nabaki humo hadi Baba anivute mguu.

Nilisimama pale chini ya mgunga nikacheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimepata jibu, na naomba nieleweke, lilikuwa jibu la mtu aliyesoma. Ndani ya kabureta za aina ile kuna kipande kinachopanda na kushuka kikifuata mvuto wa hewa. Hewa ikiwa imetulia kinapanda taratibu na petroli inaingia kwa kipimo. Upepo ukipiga mdomoni kinatetemeka kama jino linalotaka kung'oka, na injini haijui ishibe au ifunge. Pikipiki ikitoka kiwandani huwa na boksi la kutuliza hewa. Wenye mbwembwe huliondoa na kufunga matarumbeta, na kwenye barabara laini za ugenini wanafanikiwa. Huku nilihitaji boksi, kubwa, gumu, lenye kimya ndani. Lilikuwa linaning'inia juu ya kichwa changu.

Nilimwomba Mama. Aliutazama mzinga, akanitazama mimi.

"Nakuazima," akasema. "Sikupi."

"Nimeelewa, Mama."

"Na unajua unavyorudishwa."

Nilijua. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Likija na maharage linarudi na mayai, au hata ndizi mbili. Sheria hiyo Mama aliisimamia kwa vyombo vyote, kuanzia chungu hadi kijiko, na mzinga nao ni chombo. Nikasema ndiyo. Tukaushusha, tukautia kwenye lori lile lile, lililolala hapo likingoja mzigo, karibu na gari langu, vitunguu saumu vikarundikwa pande zote, na nikashuka Babati nikinuka kitoweo.

Kijiweni walinipokea kwa makofi. Mwenyekiti aliniuliza kama sasa nakwenda kurina asali kwenye injini. Wengine wakaanza kuniita Mzungu wa Nyuki, jina ambalo wapo wanaoniita hadi leo na silikatai.

Niliazima na vitu vingine. Sikuona aibu, kwani fundi mwenye vifaa vyote ni yule asiyefanya kazi. Kwa Mama Mwinjilisti niliazima debe, nikajaza mzinga mahindi, nikayamwaga kupimia, nikajua tumbo la mzinga lina ujazo gani. Kwake pia niliazima keekee ya mumewe, anayotobolea mabenchi ya kanisa, na chandarua cha zamani cha kufunikia kazi isiingie uchafu. Mwenye duka la spea nilimwomba chujio la hewa la lori. Alilishusha toka rafu ya juu, akalipuliza vumbi.

"Injinia," aliniambia, akiwa amelishika bado, "hili ni la lori la tani kumi. Wewe una kiatu."

"Kiatu chenye pumzi ya lori, Mzee."

Akaniachia. Alisema nikishindwa nilirudishe likiwa safi, nikifaulu nilirudishe kwa namna yoyote nitakayoona inafaa. Yule mzee ana heshima zake.

Mwenyekiti ndiye aliyenishangaza. Alileta mwenyewe helmeti, nyekundu, yenye kioo kisichokwaruzwa, akasema ni ya kumvalisha Mama, kwa kuwa hata kama hatafika, mzazi wa mtu asikae kwenye chombo kile kichwa wazi. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Kazi yenyewe niliifurahia kuliko kazi zote nilizolipwa. Kwa keekee nilitoboa matundu madogo ya kuanzia, kisha kwa msumeno mwembamba nikakata duara nne ubavuni mwa mzinga. Visahani vya mti vilivyotoka sikuvitupa. Niliviweka kwenye kikombe dirishani, sijui kwa nini, labda kwa sababu vilikuwa na alama za shoka la Baba upande mmoja. Matarumbeta yangu niliyapitisha kwenye matundu yale, yakakaa ndani ya mzinga, midomo yao mizuri ikitazama giza. Nje nikayaunga na kabureta kwa vipande vya mpira wa rejeta na klipu. Mwisho mmoja wa mzinga niliuacha na kifuniko chake cha asili. Mwisho wa pili niliweka bamba lenye bomba, bomba likapanda nyuma ya kichwa cha dereva hadi kwenye chujio la lori, juu, kusikofika vumbi la magurudumu. Kisha nikafungua kabureta na kupunguza petroli kidogo, kwa kuwa Babati iko juu na hewa yake ni nyepesi kuliko ya kule nilikotoka.

Nilipowasha, Mama Mwinjilisti alitoka jikoni. Kikohozi hakikuwepo. Ile sauti kali ya zamani nayo haikuwepo. Gogo zima lilikuwa linavuma, kwa chini, kama watu wengi wanaoomba kimoyomoyo kanisani. Niliweka kiganja juu ya ule mti mweusi nikausikia unatetemeka hadi kiwikoni. Nilikwenda Bonga na kurudi kwenye njia za vumbi, nikapita mbele ya duka la spea kwa makusudi, mara mbili. Mzee alitoka mlangoni na kikombe chake cha kahawa. Kikombe hakikufika mdomoni.

Ningepanda Dareda wiki hiyo hiyo, ila mvua za masika zilianza, na barabara ya ukingoni ikilowa haipandi hata mbuzi bila kufikiri. Nikafungua bomba na chujio, nikaviweka ndani vikauke, nikafunika gari kwa turubai, nikaenda Arusha kwenye kibarua cha kufundisha vijana wa chuo. Niliporudi jua lilikuwa limetoka na kila kitu kimechanua. Niliingia bandani na ufunguo mkononi. Mwenyekiti alikuwa amenifuata kwa nyuma aone kama bado nina moyo.

"Mkubwa," aliniambia, "umeacha injini inaunguruma."

Ufunguo bado ulikuwa mkononi.

Tukasimama. Mzinga ulikuwa unavuma peke yake, kwa sauti ile ile niliyoisifia, na kwenye tundu la bomba nyuki walikuwa wanaingia na kutoka kama wafanyakazi wa zamu.

Mtoto wa mrina asali hafundishwi kwamba mzinga wa kale hauachi harufu ya nta. Niliusugua kwa maji ya moto, na nilihesabu kwamba harufu ya petroli itamaliza kazi. Iliimaliza nilipokuwa naliendesha. Lilipokaa kimya msimu wa maua, mbele ya kundi linalotafuta makazi, niliwawekea mlango wazi na turubai la kivuli juu.

Mtaa mzima ulikuja kwa mbali. Mama Mwinjilisti alifunga madirisha. Mwenyekiti, kwa nia njema kabisa, alileta petroli kwenye kidumu akasema tumwagie, tuwashe, mambo yaishe.

"Huo ni mzinga wa baba yangu," nikamwambia.

"Si alishafariki?"

"Alifariki, na nyuki wakaondoka. Sasa wamerudi."

Akalitazama lile tundu muda mrefu. Kisha akakirudisha kidumu kwenye pikipiki, akaniuliza nahitaji moshi wa nini, wa kinyesi cha ng'ombe au wa matambara.

Jua lilipokaribia kuzama na nyuki wamerudi ndani, nilijifunika chandarua cha Mama Mwinjilisti kuanzia kofia hadi kiunoni, mwenyekiti akapuliza moshi kwa mbali kadiri mkono wake ulivyoweza kurefuka, nikalegeza klipu. Nilijikuta napiga mluzi. Mzinga ulitoka na matarumbeta yangu yakiwa ndani, tayari masega yameanza kushikamana nayo, na sikuweza kuyatoa bila kubomoa nyumba ya watu. Nikayasamehe. Matundu manne niliyaziba kwa visahani vya mti vilivyokuwa kwenye kikombe, nilivyovichonga kidogo vibane kwenye koo za matarumbeta, na baada ya siku chache nyuki wenyewe walikuwa wameviziba pembeni kwa gundi yao. Fundi wa kulehemu asingeziba vizuri vile. Nikautundika kwenye mti wa uani.

Gari likabaki halina pumzi. Lakini ujazo wa mzinga niliujua, nilikuwa nimeupima kwa debe. Nilikata bati, nikaunda boksi lenye tumbo lile lile, nikalifunga pale pale kwa klipu zile zile na chujio lile lile la lori. Sauti yake ni kavu kidogo kuliko ya mti. Kwa kazi, hakuna tofauti.

Siku niliyopanda Dareda sikumwambia mtu. Kwenye kona ya pili, ile iliyonizima, nilirudisha gia moja, na injini ikavuta kwa utulivu kama inakunywa uji. Vumbi lilipita chini, upepo ulinipiga usoni mimi, boksi halikujua. Nilipoiona miti ya kwetu nikaanza kupiga honi, na niliendelea kuipiga hadi uani, kuku wakatawanyika. Mama alitoka na kanga ile ile. Aliinama akaangalia magurudumu, kwanza ya mbele, kisha ya nyuma, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Haya," akasema. "Ngoja nivae viatu."

Alishuka mlima ameikumbatia Biblia yake na helmeti nyekundu kichwani, hakufumba macho hata mara moja. Pale kijiweni Maisaka watu wote walisimama, wakamwamkia kwa pamoja, naye akawaitikia bila kufungua kioo.

Nyumba aliikagua chumba kwa chumba. Alikaa kwenye kitanda cha chumba cha mbele, akatazama mlima Kwaraa, akasema dirisha ni zuri. Kisha akatoka uani akauona mzinga wake, ukivuma, na visahani vinne ubavuni. Nilimweleza yote. Aliweka sikio kwenye mti.

"Vizuri," akasema. "Nitakaa hapa hadi nilipwe."

Na alikaa. Nikikumbuka miezi ile, kwanza nakumbuka sauti ya maharage yakidondoka kwenye sinia, kwa sababu alikuwa anayachambua dirishani tangu asubuhi. Nakumbuka chai yake, yenye maziwa mengi kuliko maji. Alikwenda kanisani kwa gari langu kila Jumapili, na helmeti akaiingiza hadi kwenye benchi. Waliomuuliza atarudi lini kwake aliwajibu kwa sauti kavu kwamba yuko kikazi, anamdai mtu hapa. Jioni alisimama chini ya mzinga, akisikiliza, na kurudi ndani bila kusema alichosikia. Nami nilikuwa nikirudi nyumbani mapema kuliko nilivyowahi kurudi nyumba yoyote.

Mama Mwinjilisti aliniambia, tukiwa kwenye uzio, kwamba asali isiharakishwe. "Iache ijae, baba. Nyumba yako imechangamka." Nilielewa anachosema. Lakini mimi kila nilichokipata maishani nimekipata kwa kuwa mtu wa kurudisha, kuanzia lile sweta, na mzinga ulipokuwa mzito kiasi cha kupindisha tawi, nikachukua kigae na chandarua.

Ilikuwa asali nyeusi kidogo, nzito. Niliporudisha mkono nikauona mdomo wa tarumbeta langu umezungukwa na sega kama petali juu ya petali. Nyuki niliwaachia sehemu yao.

Asubuhi iliyofuata nilianza na mwenyekiti. Nilimpa helmeti yake, na ndani yake kopo la asali. Alichovya kidole.

"Mimi nilisema litapanda juu ya lori," akasema.

"Ulisema."

"Na lilipanda."

"Mara ya kwanza."

Akakubali kwa kichwa, akalamba, akasema ya mara ya kwanza ndiyo aliyoizungumzia.

Mwenye duka la spea nilimletea chujio jipya la lori, la kwake likiwa limekwisha kazini, pamoja na kopo. Alisema bismillahi, akaonja, akakunja uso. Alisema ina ladha ya petroli. Aliniacha nisimame hapo na moyo wangu hadi alipoamua kucheka. Mama Mwinjilisti alipata chandarua kimefuliwa, keekee imepakwa mafuta, na debe lake, na ndani ya debe masega yamefunikwa kwa jani la mgomba. Aliangalia masega, akaangalia dirisha la chumba cha mbele. "Kwa hiyo umemaliza," akasema.

Nilimwita Mama uani. Nikamwambia mzinga ni huu, haurudi mtupu, una asali na una nyuki, na matarumbeta ya alumini ni ya kwake juu ya hayo. Aliutikisa kidogo kwa kiganja kupima uzito.

"Umelipa," akasema. "Sasa nipeleke. Maharage ya huko hayajipuri."

Sikubisha. Alikuwa ameniambia tangu siku ya kwanza atakaa hadi lini, na mimi ndiye niliyefika mapema. Jua lilipokwisha kushuka na nyuki wamelala, tuliziba mlango wao kwa majani mabichi, tukafunga mzinga kwa kamba juu ya boksi la bati, pale pale ulipokaa zamani, na tulipanda taratibu. Hakuwa na helmeti tena. Alijifunga kanga kichwani, na kwenye kona ya pili alishika dashibodi kwa mkono mmoja, si kwa hofu nadhani, ila kama unavyomshika mnyama uliyekwisha kumzoea.

Tuliutundika kwenye mgunga, tukavuta majani. Nyuki walitoka wachache, wakazunguka, wakarudi ndani. Nilikuwa nimemaliza. Tangu siku ile ya sweta sikuwahi kusimama mahali popote nikiwa sidaiwi hata sindano, na nilimwambia Mama hivyo, kwa majivuno, kwa sababu nilistahili.

Aliingia ndani, akatoka na kibuyu cha Baba cha maziwa, kile chenye mshono wa ngozi shingoni, kimejaa mgando hadi kizibo.

"Maziwa ni yako," akasema. "Kibuyu nakuazima."

Nilikiweka kwenye kiti chake, nikakifunga mkanda, nikawasha gari.